Utepe, vidole na hesabu: Harvey alivyothibitisha kuwa damu huzunguka

Kwa takriban miaka 1,400 matabibu wa Ulaya na wa nchi za Kiislamu walifundishwa kwamba damu hutengenezwa katika ini kutokana na chakula, husambaa kwa njia ya vena mpaka kwenye viungo, na huko hutumika ikaisha. Hayo yalikuwa mafundisho ya Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2. Ili yasimame, ilibidi sehemu ya damu ivuke kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto. Galen akasema ukuta mnene unaozitenga pande hizo una vitundu visivyoonekana.

Vitundu hivyo havipo. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, aliandika waziwazi kwamba ukuta ule haupitishi kitu, na kwamba damu ya kulia haina budi kupitia mapafuni ndipo ifike kushoto. Ulaya ilifikia hoja hiyo miaka 300 hivi baadaye. Hata hivyo, swali kubwa lilikuwa bado: damu yote inayotoka moyoni inaishia wapi?

Aliyelijibu ni William Harvey, daktari wa Hospitali ya St Bartholomew's jijini London, katika kitabu cha Kilatini chenye kurasa 72 kilichochapishwa Frankfurt mwaka 1628. Kinachonivutia zaidi ni njia aliyopita. Hoja zake kuu zilihitaji kisu, utepe wa kufungia mkono, vidole na hesabu ya kuzidisha.

Alianza na moyo wenyewe. Moyo wa mbwa hupiga haraka mno, jicho haliwahi kutambua kipi kinatangulia. Kwa hiyo akawageukia wanyama wa damu baridi, vyura, samaki na nyoka, na wanyama waliokuwa wakikata roho, ambao mioyo yao hupiga polepole. Aliona kwamba kazi ya moyo hufanyika unapojikaza: hupauka, huwa mgumu, na papo hapo ateri hutuna. Kwa nyoka alifanya jaribio ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Alibana vena kubwa inayoingia moyoni, moyo ukapungukiwa damu, ukasinyaa na kupauka. Akaiachia, ukajaa tena. Kisha akabana ateri kubwa inayotoka, na safari hii moyo ukavimba na kuiva wekundu wa zambarau kama unaotaka kupasuka. Mlango wa kuingilia na wa kutokea ikawa imejitaja yenyewe.

Ndipo ikaja hesabu. Harvey alipima ventrikali ya kushoto ya maiti akakuta inashika zaidi ya aunsi mbili za damu. Kwa makusudi akachukua makadirio ya chini: tuseme kila pigo linatoa nusu aunsi tu, na moyo unapiga mara 1,000 kwa nusu saa. Hiyo ni aunsi 500, yaani takriban kilo 15 za damu kwa nusu saa, wakati mwili mzima wa mtu mzima una lita tano hivi. Hakuna chakula kinacholiwa ambacho kingeweza kutengeneza kiasi hicho, wala viungo vya kukimaliza. Na alikuwa amepunja mno. Leo tunajua moyo wa mtu mzima aliyepumzika hutoa kama mililita 70 kwa pigo, karibu lita tano kwa dakika. Basi damu ni ileile, inarudi. Kwa njia ipi?

Hapo akafunga mkono. Utepe ukikazwa sana juu ya kiwiko, mapigo ya kifundo cha mkono hupotea na kiganja hupoa, huku ateri ikitutumka juu ya utepe. Ukilegezwa kidogo, ateri iliyo ndani zaidi hufunguka lakini vena zilizo karibu na ngozi hubaki zimebanwa. Mkono hujaa, na vena huvimba chini ya utepe. Mhudumu wa maabara anayekufunga mpira kabla ya kukutoa damu anatumia hatua hii ya pili. Damu imeingia kwa ateri, na sasa inajaribu kurudi kwa vena.

Mwalimu wake wa Padua, Fabricius, alikwisha kuandika mwaka 1603 kuhusu vali zilizomo ndani ya vena, akidhani zinazuia damu isishuke kwa wingi miguuni. Harvey akatazama vena za shingoni. Vali zake zinaelekea chini! Kama kazi ingekuwa kuizuia damu isishuke, zingewekwa kinyume. Alipopitisha kijiti ndani ya vena kukielekeza moyoni, kilipita. Alipokigeuza, vali zilikizuia. Zote zinafungukia upande wa moyo.

Pengo moja lilibaki. Harvey hakuona mahali ateri zinapokutana na vena. Alisema lazima damu inavuka katika nyama za mwili, na akaacha hapo. Alifariki mwaka 1657. Mwaka 1661 Marcello Malpighi wa Italia alieleza kapilari, mishipa myembamba inayounganisha ateri na vena, alizoziona kwa hadubini katika mapafu ya chura. Kwa maoni yangu Harvey hakukosea kuchapisha kabla ya kuziona, kwa sababu hesabu yake haikuacha njia nyingine.

Walimu wa biolojia, kabla mwanafunzi hajachora vyumba vinne vya moyo kwa rangi nyekundu na buluu, mwambieni ashushe mkono mpaka vena za nyuma ya kiganja zijitokeze. Abonyeze moja kwa kidole karibu na vidole vya mkono, kisha kwa kidole kingine aisukume damu kuelekea kifundo na kukiachia hicho cha pili. Mara nyingi kipande cha katikati kitabaki kitupu mpaka vali iliyo juu yake. Aondoe na kidole cha kwanza, kitajaa mara moja, na kitajaa kutokea chini.