Mkono Unaosikiliza Damu

Ukoo mmoja huwa na watu Gisenyi, Rwanda, na Goma, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, na ugonjwa wa selimundu hurithiwa bila kujali mpaka. Ndiyo maana nauheshimu uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 na Léon Mutesa na wenzake, waliopima watoto wachanga 1,825 wa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo kwa pamoja. Lakini kumtambua mtoto mgonjwa ni mwanzo tu. Ateri za ubongo wa mtoto huyo zaweza kusinyaa kimyakimya, dalili ya kwanza ikawa kiharusi.

Upo ufundi wa kuiwahi hatari hiyo. Mwaka 1982 Rune Aaslid na wenzake walionyesha kuwa mawimbi ya sauti hupenya fuvu pale mfupa ulipo mwembamba. Mpimaji hupaka jeli kwenye panja, juu kidogo ya mfupa wa shavu, huweka kichunguzi, kisha hutafuta. Akikiinamisha kidogo tu, ateri hupotea. Akiipata, mashine huvuma kwa mapigo ya moyo. Huzama milimita mbili mbili hadi njia panda ya ateri, ambako damu ya tawi moja humjia na ya jingine humkimbia, na mawimbi huchorwa juu na chini ya mstari kwa wakati mmoja. Mashine nyingi za aina hii hazionyeshi picha ya mshipa. Mkono na sikio ndivyo vinavyojua ulipo.

Mto Sebeya, ulio karibu na Gisenyi, ukibanwa na mawe hukimbia. Na damu vivyo hivyo. Wastani wa kasi ukifika sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yumo hatarini. Ila kilio, homa, hata usingizi huiharibu namba hiyo, kwa hiyo mpimaji hodari ni mlezi pia: kwanza humwachia mtoto akishike kichunguzi, azoee. Hilo nalihesabu kuwa nusu ya kazi.

Nchini Marekani, utafiti wa 1998 ulionyesha kuwa kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wenye kasi hiyo kulipunguza viharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Kwetu damu ya kuongezewa ni adimu. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, Tanzania, watafiti wa mradi wa SPHERE waliwapa dawa ya haidroksiurea watoto waliokutwa na kasi ya juu, na kasi ikashuka. Kushuka huko huonekana tu ikiwa vipimo viwili vimechukuliwa mahali pamoja, na ndiyo sababu mpimaji makini, kando ya kasi, huandika pia kina alichoipatia.