Una Deni?

Hapa Mukuju, kwenye barabara ya Tororo kwenda Mbale, mtu akinyoa kipara ghafla watu huulizana kafiwa na nani. Steven Kaboggoza, Mganda aliyezaliwa 1966, alinyoa chake kwa sababu nyingine. Mwaka 2002, huko California, mzee U Silananda wa Myanmar alimpokea awe mtawa kamili wa Kibuddha, akaitwa Bhante Buddharakkhita. Mwaka 2005 alianzisha Kituo cha Kibuddha cha Uganda karibu na Entebbe.

Mimi si Mbuddha, lakini maandalizi ya watawa hao nayavulia kofia. Katika mapokeo ya Theravada, anayejiandaa huanza na mavazi meupe na amri nane. Adhuhuri ikipita, hakuna kula hadi kesho. Akiwa mwanagenzi, amri huwa kumi. Siku ya kupokewa huulizwa mbele ya watawa: Una deni? Wazazi wamekuruhusu? Umetimiza miaka 20? Bakuli na majoho yako yapo? Hilo la deni ndilo linalonifurahisha: hakuna kukimbilia utawani ukiwaacha wadhamini wako wa mkopo wakihangaika! Akipita, kanuni 227 zinamngoja, na angalau miaka mitano chini ya mwalimu.

Kisheria, watawa kumi huhitajika kumpokea mmoja. Buddha alilegeza: nchi za mbali, ambako watawa ni wachache, watano watatosha, ilimradi mmoja wao awe mjuzi wa kanuni.