Steringi Hafi

Wapenzi wa sinema za mapigano wana kanuni moja ambayo haijaandikwa popote: steringi hafi. Ukiingia katikati ya mchezo ukamkuta mtu anamiminiwa risasi, jirani yako atakuambia tulia, huyo ndiye steringi. Kwa kanuni hiyo Die Hard, sinema ya mwaka 1988 iliyoongozwa na John McTiernan, haina jipya. Hata hivyo nimeitazama mara nyingi, na kila mara nimekiri kwamba aliyeisuka alijua kusuka. Ila tangu nilipoisoma riwaya ilikotoka, kuna mahali pawili ambapo raha hunikatika.

Riwaya hiyo ni Nothing Lasts Forever ya Roderick Thorp, iliyotoka mwaka 1979. Thorp alikwisha kuandika The Detective mwaka 1966, na ilipogeuzwa sinema mwaka 1968 Frank Sinatra ndiye aliyecheza mpelelezi Joe Leland. Riwaya ya pili inamrudisha Leland huyo huyo, sasa mzee mstaafu. Kwa sababu hiyo mkataba uliwalazimu wenye sinema kumwendea kwanza Sinatra, naye amekwisha kuvuka miaka sabini! Akakataa, na nafasi ikamwangukia Bruce Willis, ambaye wakati ule watu walimzoea katika mchezo wa kuchekesha wa televisheni.

Mifupa ya hadithi yote ni ya Thorp: mkesha wa Krismasi, jengo refu mjini Los Angeles, wavamizi wenye bunduki, mtu mmoja asiye na viatu miguuni, baruti inayotupwa katika shimo la lifti, na redio ya mkononi inayomwunganisha mtu huyo na polisi aliye nje, Al Powell. Kilichobadilishwa ni nyama.

Kitabuni, Leland amekwenda kumwona binti yake, Stephanie, ambaye ni mmoja wa wakubwa katika kampuni ya mafuta iitwayo Klaxon. Kampuni hiyo imefanya biashara chafu na watawala wa kijeshi wa Chile. Wavamizi ni vijana wa siasa kali wanaotaka kuianika, na fedha zake, dola milioni 6, wazimwage nje madirishani. Ni wauaji, hilo halina ubishi. Lakini shutuma wanayoileta ina ukweli ndani yake, na mzee anayepambana nao hawezi kuikanusha, kwa sababu mshahara wa binti yake unatoka mfuko huo huo.

Sinema ilifuta haya yote. Mzee akawa kijana, John McClane. Binti akawa mke, Holly. Klaxon ikawa Nakatomi, kampuni ya Kijapani ambayo hatuambiwi kosa lake lolote. Na Gruber, kiongozi wa wavamizi, akawa mwizi mwenye suti nzuri anayejifanya mwanasiasa huku akitafuta hati za dhamana za dola milioni 640. McTiernan hakutaka siasa. Alitaka watu wafurahi. Wala simlaumu kwa hilo. Bila badiliko hilo tusingempata Alan Rickman katika sinema yake ya kwanza, mwizi tunayejikuta tunautamani ufundi wake hata tunapomwombea aanguke.

Na anaanguka. Hapo ndipo mahali pa kwanza. Kitabuni Gruber anaanguka na kumvuta Stephanie, wakafa wote wawili. Mzee ameua usiku kucha ili amwokoe mwanawe, na mwanawe hayupo. Katika sinema Gruber ananing'inia kwenye mkono wa Holly, ameshika saa, Rolex aliyozawadiwa na kampuni yake. McClane anaifungua ile saa, basi, Gruber anakwenda nayo. Kitabuni deni la kampuni limelipwa kwa mtoto wa mtu. Kwenye sinema limelipwa kwa saa.

Mahali pa pili ni Powell. McClane yuko chooni anachomoa vipande vya vioo nyayoni, wanazungumza kwa redio, na Powell anamsimulia kwa nini alihamishiwa kazi ya mezani: alimpiga risasi mtoto wa miaka 13 aliyekuwa na bastola ya kuchezea. Tangu hapo hajaweza kumwelekezea mtu silaha. Ni dakika chache tu, lakini Reginald VelJohnson anazisema taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha waliolala. Kisha, kila kitu kikiwa kimekwisha, jambazi mmoja tuliyedhani amekufa anatokeza na bunduki, na Powell anamwua. Muziki unapanda. Katika banda la video nilimoiona mara ya kwanza watu walisimama juu ya mabenchi wakipiga makofi, kwa kuwa Powell amepona.

Amepona nini? Wapo watakaoniambia kwamba huu ni mchezo tu, nisiutwishe mzigo usio wake. Ningekubali, kama sinema yenyewe isingemleta mtoto yule. Hakuna aliyeilazimisha. Ilimwita kwa hiari yake, ikatuonyesha kwamba mtu mwema naye huua asiye na hatia, halafu ikaona dawa ya kidonda hicho ni kuua tena, safari hii kwa shabaha nzuri. Leland wa kitabuni asingepiga makofi. Kwake kila maiti inaongeza uzito, haipunguzi. Powell anaushusha mkono wake, anatazamana na McClane, na baada ya muda mfupi gari linaondoka na mke na mume. Yule mtoto hakuwahi kupewa hata jina.