Hiari ya Nani? Uhakiki wa Hoja ya Makampuni Kujitolea Taarifa za Moshi

Ipo hoja kwamba kampuni ikiachiwa hiari itatangaza yenyewe sumu inayotoa hewani, na kwamba kuilazimisha ni kuwafukuza wenye mitaji. Hoja hii ina sura ya kiungwana. Kada hana budi kuipima kwa swali moja: hiari hiyo ni ya nani, na inamfaa nani?

Tuanzie nyumbani. Mji wa Kigoma una ziwa mbele na vilima nyuma. Mchana upepo hutoka ziwani. Usiku hushuka kutoka vilimani kuelekea ufukweni. Kwa miaka mingi, kabla ya gridi ya taifa kuufikia mkoa, umeme wa mji ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Moshi wa dizeli una vumbi laini lipenyalo hadi ndani ya mapafu, pamoja na gesi za naitrojeni na salfa. Mvuvi wa Kibirizi na mama auzaye dagaa Ujiji wanaweza kuunusa moshi, lakini pua haipimi kiasi cha sumu. Anayejua kiasi ni mwenye mtambo.

Kwanza, anayetaarifu kwa hiari huchagua cha kutaarifu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaathiri wakazi kwa madini ya risasi. Ukweli haukutoka katika vitabu vya kiwanda. Ulitoka katika damu, baada ya Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, kugundua kuwa mwanawe ana sumu hiyo mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ikaendelea kwa rufaa hadi mwaka 2024, Mahakama ya Juu ilipoirudisha amri hiyo.

Pili, hata Marekani, ngome ya ubepari, haikutosheka na hiari. Desemba 1984 gesi ya sumu ilivuja katika kiwanda cha Union Carbide huko Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuvilazimisha viwanda kutaarifu kila mwaka kiasi cha sumu vinachotoa, na takwimu hizo kutangazwa kwa umma. Zilipoanikwa, baadhi ya makampuni makubwa yaliahidi kupunguza. Hiari hiyo ilizaliwa na sheria.

Tatu, tujikosoe wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa mkoa huu walihamishwa katika Operesheni Kigoma, na Novemba 1973 kuishi vijijini kukatangazwa kuwa amri nchini kote. Wengi hawakuulizwa. Hatulitaji jambo hili kwa kulisifu. Tunauliza: ikiwa mwenye jembe alihamishwa kwa amri, kwa nini mwenye bomba la moshi abembelezwe? Viongozi nao hawakuachiwa hiari; Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea miiko.

Watakuwapo watakaosema kuwa hata taarifa ya lazima huandikwa na kiwanda chenyewe. Ni kweli, na ndiyo maana taarifa haina budi kuandamana na ukaguzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira kipo, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 zipo. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu.

Hivyo basi, kazi ya kada ni kudai kwamba takwimu za kila mtambo zisomwe kwa Kiswahili katika mikutano ya vijiji na mitaa, na zibandikwe kwenye mbao za matangazo. Wafanyakazi, ambao ndio wa kwanza kuivuta hewa hiyo, wawe na haki ya kuzihoji kupitia chama chao bila kuogopa kuachishwa kazi. Kampuni isiyo na la kuficha haitapoteza kitu.