Tahajia Mbili, Kamusi Elezo Moja: Jinsi Wikipedia ya Kiingereza Inavyomaliza Mabishano

Wikipedia ya Kiingereza ilifunguliwa Januari 15, 2001, na waandishi wake wametoka mataifa mengi, kila mmoja na tahajia aliyofunzwa shuleni kwao. Mmarekani huandika "color", "center" na "traveled"; Mwingereza huandika "colour", "centre" na "travelled". Mkanada huchukua huku na kule: "colour" ya Waingereza pamoja na "tire" ya Wamarekani. Waandishi wa India, Kenya na Tanzania kwa sehemu kubwa hufuata tahajia ya Uingereza, ingawa kila nchi ina msamiati wake. Tofauti hizi zina umri mrefu. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 iliimarisha tahajia za Uingereza, nayo ya Noah Webster ya mwaka 1828 ikazipa za Marekani msimamo wa kudumu. Kiingereza hakina chombo kimoja cha kukisanifu duniani kote, kwa hiyo hakuna baraza ambalo shauri la tahajia lingepelekwa likaamuliwa.

Kwa kampuni ya uchapishaji jambo hili ni dogo: mhariri mkuu huchagua tahajia moja na wasaidizi wake husahihisha miswada yote kuifuata. Wikipedia haina mhariri mkuu. Anayeandika makala leo hajui nani ataihariri kesho, na wote hujitolea bila malipo. Kuchagua tahajia ya taifa moja kungewafanya maelfu ya wachangiaji waandike kigeni lugha yao wenyewe. Kuwa na matoleo mawili, moja la Marekani na jingine la Uingereza, kungegawanya nguvu kazi na kuleta makala pacha ambazo zingepishana hata katika ukweli: moja ikirekebishwa, nyingine ingebaki na kosa. Njia iliyochukuliwa ni ya tatu. Tahajia zote za mataifa yanayotumia Kiingereza zina hadhi sawa, na badala ya kuchagua iliyo bora zikawekwa kanuni za kuamua ipi itumike wapi.

Kanuni nne

Kanuni hizo zimo katika mwongozo wa uandishi wa mradi, na msingi wake una nguzo nne. Ya kwanza ni ulinganifu ndani ya makala. Ukurasa mmoja hauwezi kuwa na "colour" katika aya ya kwanza na "color" katika ya tano. Ulinganifu hautakiwi kati ya makala na makala. Ndiyo maana makala ya jumla kuhusu rangi iko chini ya jina "Color", ilhali makala kuhusu rangi ya chungwa imebeba neno "colour" katika jina lake, na hakuna kosa lililotendeka.

Ya pili ni uhusiano wa mada na taifa. Mada iliyofungamana sana na nchi inayotumia Kiingereza huandikwa kwa Kiingereza rasmi cha nchi hiyo. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani huandikwa Kimarekani, Moto Mkuu wa London huandikwa Kiingereza cha Uingereza, jiji la Vancouver kwa cha Kanada, na Mumbai kwa cha India. Kwa msingi huohuo makala kuhusu Mombasa au Dodoma hufuata tahajia iliyozoeleka Afrika Mashariki, ambayo katika maandishi rasmi haitofautiani sana na ya Uingereza. Kanuni hii inadai uhusiano wenye nguvu: kwamba mvumbuzi wa kitu fulani alizaliwa Marekani haitoshi kukifanya kitu hicho mali ya tahajia ya Marekani.

Mada nyingi hazina taifa. Mlima wa volkano, hesabu za pembetatu na ugonjwa wa malaria si vya nchi moja. Hapo hufuata kanuni ya tatu: tahajia iliyokwisha kushika mizizi katika makala iachwe ilivyo, ila kama wahariri wamekubaliana kuibadili. Ikiwa haijulikani ipi imeshika mizizi na mjadala haujazaa makubaliano, hutazamwa toleo la kwanza la makala lililovuka hatua ya kuwa mbegu, yaani makala fupi mno, na likaonyesha tahajia inayotambulika. Hilo ndilo huamua. Uchunguzi huo unawezekana kwa sababu programu ya Wikipedia huhifadhi kila badiliko pamoja na tarehe yake, hivyo mtu yeyote anaweza kurudi nyuma hadi siku makala ilipoanzishwa.

Ya nne ni kutafuta neno la wote. Pakiwa na neno linaloeleweka kila upande, hilo hupendelewa. "Glasses" hutumika kwa miwani badala ya "spectacles" au "eyeglasses", na makala huandika milioni kumi badala ya "crore" ya India, ambayo msomaji wa nje hawezi kuikadiria. Ndege zilipoleta ubishi kati ya "airplane" na "aeroplane", jina la kitaalamu "fixed-wing aircraft" lilitumika kuukwepa.

Yasiyoguswa

Kanuni hizi zina mipaka. Nukuu hubaki na tahajia ya aliyeitoa, na majina rasmi hayatafsiriwi kutoka tahajia moja kwenda nyingine. Pearl Harbor haipati "u" hata katika makala iliyoandikwa Kiingereza cha Uingereza. Chama cha Australian Labor Party huandikwa bila "u" ingawa Waaustralia wenyewe huandika "labour" katika matumizi ya kawaida. Shirika la Kazi Duniani, International Labour Organization, lina "u" ya Uingereza katika neno moja na "z" katika jingine, na huandikwa hivyohivyo popote.

Kemia nayo ina utaratibu wake. Makala za fani hiyo hufuata majina ya IUPAC, muungano wa kimataifa wa wanakemia, bila kujali tahajia ya makala: "aluminium" na "caesium", ambazo ni za upande wa Uingereza, na "sulfur", ambayo ni ya upande wa Marekani. Kila upande umepoteza kitu, na mamlaka iliyoamua iko nje ya Wikipedia.

Kwa nini si mashine

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini programu isibadili tahajia yenyewe kulingana na alipo msomaji. Jambo hilo limefanyika katika lugha nyingine. Wikipedia ya Kichina ina kigeuzi kinachobadili maandishi kati ya herufi zilizorahisishwa na za jadi wakati ukurasa unapofunguliwa, na msomaji huchagua mtindo wa China bara, Hong Kong, Taiwan au kwingineko. Kigeuzi hicho hutumia majedwali ya maneno, na wahariri wanaweza kuongeza kanuni za ukurasa mmoja pale jedwali la jumla linapokosea. Wikipedia ya Kiserbia hutumia mbinu ya jamaa moja kati ya herufi za Kisirili na za Kilatini.

Kwa Kichina faida ni kubwa, kwa kuwa asiyezoea mfumo mmoja wa herufi huchoka kuusoma. Mmarekani anayeona "colour" hapotezi chochote zaidi ya mazoea. Kwa upande mwingine, gharama ya kugeuza Kiingereza ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwingereza huandika "licence" kwa nomino na "license" kwa kitenzi, kwa hiyo mashine ingelazimika kujua sarufi ya sentensi. Huandika "metre" kwa kipimo cha urefu na "meter" kwa chombo cha kupimia, kwa hiyo ingelazimika kujua maana. "Check" ya Marekani hugeuka "cheque" ikiwa ni hundi, lakini hubaki "check" ikiwa ni ukaguzi. Juu ya hayo kuna nukuu na majina rasmi, ambayo yote yangehitaji kuwekewa uzio.

Wikipedia ya Kiingereza iliwahi kuonja dawa ya namna hii kwenye tarehe. Mmarekani huandika mwezi kabla ya siku, Mwingereza siku kabla ya mwezi. Mwanzoni tarehe zilifungwa kwenye viungo ili programu izionyeshe kwa mpangilio anaoupenda msomaji. Kasoro ilikuwa kwamba mpangilio huo ulifanya kazi kwa waliojisajili na kuchagua tu. Wasomaji wengine, ambao ndio wengi, waliona tarehe jinsi zilivyoandikwa, na wahariri hawakuuona mchanganyiko uliokuwa mbele ya umma. Viungo hivyo vikajaza bluu kurasa nzima bila kumfikisha msomaji popote pa maana. Mwaka 2008 utaratibu ukaachwa, na mvutano kuhusu kuviondoa viungo ukafika mbele ya Kamati ya Usuluhishi, chombo cha Wikipedia cha kuamua migogoro ya wahariri, mwaka 2009. Tangu hapo tarehe nazo hufuata kanuni zilezile za ulinganifu, uhusiano wa taifa na kuheshimu kilichotangulia.

Zana za kazi

Zana zilizobaki ni nyepesi. Ya kwanza ni ukurasa wa kuelekeza: anayetafuta "Colour" hufikishwa kwenye "Color" bila kujua kama alivuka mpaka. Ya pili ni kigezo kinachowekwa juu ya matini ya makala kutangaza kwamba imeandikwa Kiingereza cha Uingereza, cha Marekani, cha Australia na kadhalika. Msomaji hakioni, lakini kigezo hicho huiingiza makala katika jamii iliyofichwa na kumpa mhariri taarifa. Kigezo kingine huwekwa kwenye ukurasa wa majadiliano, ambako kinaonekana na wote. Hata kigezo cha kubadili vipimo kimezingatia suala hili: kwa chaguo-msingi huandika "metre", na agizo fupi hukifanya kiandike "meter".

Roboti za kusahihisha tahajia zikifanya kazi bila mtu kuzisimamia haziruhusiwi, kwa sababu haziwezi kutofautisha kosa na tahajia halali ya taifa jingine. Zana za nusu otomatiki zipo, lakini mtu huthibitisha kila badiliko.

Mabishano yanapozuka

Mhariri akigeuza tahajia bila sababu, mwingine hutengua na kumwelekeza kwenye kanuni. Wakiendelea kutenguana, kuna ukomo: anayetengua zaidi ya mara tatu katika makala moja ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa. Mwaka 2005 Kamati ya Usuluhishi iliamua kwamba mitindo miwili ikikubalika kwa usawa, si sahihi kuuhamisha ukurasa kutoka mmoja kwenda mwingine bila sababu nzito. Uamuzi huo uliipa kanuni ya tatu meno.

Kesi iliyopima kanuni hiyo kwa muda mrefu zaidi ilihusu maziwa mgando. Makala ilianzishwa Desemba 2002 kwa jina "Yogurt", na mwishoni mwa 2003 ikahamishiwa "Yoghurt". Kwa miaka minane hivi mapendekezo ya kuirudisha yalifufuliwa tena na tena. Upande mmoja ulishika toleo la kwanza; mwingine ukajibu kwamba jina lililodumu miaka mingi ndilo lililoshika mizizi. Kila upande ulisoma nusu yake ya kanuni ileile. Desemba 2011 makala ilirudishwa "Yogurt", na jina likatulia.

Kesi hiyo yaonyesha nguvu na udhaifu wa mfumo. Kanuni ya aliyetangulia haina hoja ya lugha ndani yake. Yategemea bahati ya nani alifika kwanza. Lakini bahati haina uraia, na ndiyo sababu pande zote huweza kuikubali. Mfumo hulegea pale historia ya ukurasa inapokuwa na majibu mawili, au mada inapodaiwa na mataifa mawili kwa haki sawa. Hapo hakuna kanuni inayomaliza kazi, na uamuzi hurudi kwa wahariri kwenye ukurasa wa majadiliano.