Nyama ya Mbegha na Ndizi Zisizo na Jina

Msafiri atokaye Tanga kwa njia ya Korogwe hufika Mombo kabla hajafika milimani. Hapo ndipo tambarare inapokoma na ukuta wa Usambara unapoanza. Reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na barabara ipandayo Soni na Lushoto huanzia hapo hapo. Wasambaa wa kale waliigawa dunia yao sehemu mbili: shambaai, yaani kule juu kwenye ukungu na migomba, na nyika, yaani huku chini kwenye jua. Mkulima mwenye busara alipenda awe na shamba, au walau ndugu, kila upande, kwani mvua ikikataa huku huenda ikakubali kule. Mombo imekaa pale sehemu hizo mbili zinapokutana. Kwa hiyo ni mahali panapofaa kuulizia swali ambalo uhakiki wa fasihi ya pwani umelipita kando kwa muda mrefu: watu wanapotunzana, nani anamtunza nani, na kwa haki gani?

Kitabu cha kulijibia swali hilo kipo, nacho kimeandikwa kwa Kiswahili. Ni Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mtu wa pwani aliyekaa karibu na mabaraza ya watawala wa Usambara na kuyaona mengi aliyoyasimulia. Kilichapwa mara ya kwanza kwa vipande na mitambo ya wamisionari wa Kiingereza huko Magila, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kikatolewa tena mwaka 1962 kwa uhariri wa J.W.T. Allen. Tangu hapo kimesomwa aghalabu kama tarehe ya wafalme: nani alimzaa nani, nani alimpindua nani. Wanahistoria wamekichota maji, na wapenzi wa lugha wamekisifu kwa Kiswahili chake. Wachache wamekisoma kama kitabu cha mkataba baina ya anayelisha na anayelishwa.

Mkataba huo unaanza na mtu aliyekataliwa. Mbegha alizaliwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na jamaa zake wa Unguu wakamhesabu kuwa ni nuhusi. Alinyimwa urithi, akatoka na mbwa zake na mikuki yake, akawa mwindaji wa nguruwe. Kila alipofika aliwaua wanyama walioharibu mashamba, akagawa nyama, akapewa chakula cha shamba. Alipopanda Usambara alifanya vivyo hivyo, na watu waliokuwa na ndizi bila nyama wakampenda mtu aliyekuwa na nyama bila ndizi. Akamuua simba, akaitwa Simba Mwene, akawa mfalme. Msomaji wa haraka huiona hadithi ya shujaa. Msomaji wa pole huona kwamba ushujaa huo haukutosha peke yake. Mbegha hakuiteka Usambara kwa jeshi. Alipewa nchi kwa sababu alilisha, na maadamu alipewa kwa sababu hiyo, sababu ikiondoka na utoaji nao ungeweza kuondoka.

Abdallah bin Hemedi hakulisema hilo kwa hotuba. Alilisema kwa namna alivyoandika. Nathari yake ni fupi, na imejaa mazungumzo. Wazee hujibu, washauri huonya, wajumbe hutumwa na kurudi na maneno. Mfalme katika kitabu hiki ni mtu anayesemeshwa. Hata pale mwandishi anapoonekana kuwapendelea Wakilindi, umbo la masimulizi yake linawapa raia ulimi, na ulimi huo ndio unaopima kama nchi inatunzwa au inaharibiwa. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, ameonyesha kwamba Wasambaa wana maneno mawili ya kipimo hicho: kuzifya shi, kuitengeneza nchi, na kubana shi, kuidhuru nchi. Mtawala mwenye nguvu asiye na mpinzani ndani ya milki yake huleta mvua na shibe. Zikishindana nguvu kwa nguvu, huja njaa. Mzani huo haumuulizi mfalme kama ana huruma. Unauliza kama watu wamekula.

Hapa ndipo kitabu kinapostahili sifa, na hapa pia ndipo kinapostahili lawama. Nyama ya Mbegha ina jina la mwindaji. Ndizi alizopewa hazina jina la aliyezilima wala la aliyezipika. Katika nusu moja ya mkataba yumo mwanamume mmoja, mbwa zake na sifa zake. Katika nusu ya pili yumo umati usioitwa, na sehemu kubwa ya umati huo ni wanawake wenye majembe. Mwandishi aliyekuwa na sikio kali la kunasa maneno ya barazani hakulitega sikio lake jikoni. Kosa hilo si lake peke yake, kwani tarehe nyingi za pwani zimeandikwa hivyo, na tenzi nyingi zimemsifu mtoaji huku zikimsahau aliyemfanya mtoaji awe na nguvu za kutoa. Lakini hapa pengo linaumiza zaidi, kwa kuwa hoja nzima ya kitabu inasimama juu ya kubadilishana, na kubadilishana hakuwi kwa upande mmoja.

Mkataba ukivunjika hutokea nini? Abdallah bin Hemedi halikwepi swali hili. Baada ya kufa kwa Kimweri za Nyumbai mwanzoni mwa miaka ya 1860, watoto na wajukuu wake walipigania milki. Semboja, aliyekaa Mazinde huku chini kwenye njia ya misafara, si mbali na Mombo, alipata bunduki kwa biashara, na katika biashara ile binadamu walikuwa bidhaa. Watawala waliopewa nchi kwa sababu ya kulisha wakawa wanauza wale waliowalisha. Kwa upande wa Bonde, raia waliungana wakawafukuza Wakilindi katika maasi yajulikanayo kwa jina la Kiva. Ulikuwa umoja wa wanyonge, nao haukuwa safi: Wakilindi waliokamatwa waliuawa au kuuzwa, na mateso hayo hayakuwachagua wakosaji peke yao. Mwandishi aliyaandika yote mawili, ukatili wa juu na kisasi cha chini. Kwa hiyo anayetaka kuutumia umoja wa wanyonge kama wimbo mtamu usio na uchungu ndani yake hatapata msaada katika kitabu hiki.

Sura inayofuata haikuandikwa na Abdallah bin Hemedi, maana ilitokea baada ya uhai wake, na iliandikwa kwa miguu na majembe ya wale wale aliowaacha bila majina. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza katika bonde la Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ambao baadaye ulienezwa katika sehemu nyingine za milima. Wakulima waliamriwa kulima matuta kwenye miteremko, na aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Lugha ya mpango ilikuwa lugha ya kutunza: udongo utunzwe, vizazi vijavyo vitunzwe. Lakini mashamba ya chakula mlimani yalikuwa hasa mikononi mwa wanawake, na jasho la matuta likawa lao. Wenye vishamba vidogo waliona sehemu ya chakula chao ikigeuzwa kazi ya serikali. Mfalme wa Vugha na machifu wake ndio waliotakiwa kusimamia amri. Watu wakaurudia mzani wao wa zamani wakasema kwamba nchi inadhuriwa. Upinzani ukapanda, chama cha TANU kikaupa njia, na miaka ya 1950 ilipokuwa ikiisha mpango ulikuwa umekufa.

Tukio hilo ni somo la uhakiki kama lilivyo somo la historia. Mtu akisimama barabarani akatazama mlima, asingeweza kutofautisha kwa macho kundi la watu wanaolima matuta kwa amri na kundi la watu wanaolima shamba la mgonjwa kwa msaragambo. Majembe ni yale yale, mteremko ni ule ule, na pengine hata nyimbo ni zile zile. Tofauti iko katika maswali mawili: nani aliamua kazi ifanywe, na nani atakula mavuno. Msaragambo wa majirani una deni ndani yake, leo kwangu kesho kwako, na deni hilo ndilo heshima yake. Msaragambo ukipangwa na ofisi, ukawekewa faini kwa asiyefika, jina hubaki na kitu chenyewe huondoka. Neno linaweza kutekwa kama mji unavyotekwa.

Fasihi ya Kiswahili imekuwa hodari wa kusifu utu, lakini imekuwa na haya ya kuzungumzia deni hilo. Mfano ulio karibu ni Utubora Mkulima wa Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mkoa ule ule wa Mombo. Utubora anaacha kazi ya mshahara mnono, anakwenda kulima kijijini, na wema wake unawagusa wanaomzunguka. Lugha ya kitabu ni safi na nia yake ni njema. Hata hivyo, wema huo unategemea moyo wa mtu mmoja aliyechagua kuwa mwema. Kijiji hakina haki ya kumdai, wala hakina namna ya kumkatalia. Mbegha wa Abdallah bin Hemedi, pamoja na kasoro zake zote, anadaiwa. Kwa kipimo hiki, tarehe ya wafalme iliyoandikwa karne ya 19 ina mawazo makali zaidi juu ya kutunzana kuliko riwaya ya maadili ya karne ya 20.

Wanaharakati wa vijijini wa zama hizi wameyafahamu hayo bila kusubiri wahakiki. Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA, ulioanzishwa mwaka 1993 na wakulima wadogo, umechukua kauli kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Kauli hiyo haimtangazii mkulima kwamba ataletewa mtetezi. Inamwambia kwamba utetezi ni kazi ya zamu. Upatu wa wanawake, vikundi vya kuweka na kukopa, mchango wa maziko, kusafisha mfereji kwa pamoja kabla ya msimu, vyote vinasimama juu ya msingi huo huo: anayepokea leo ana sauti, kwa sababu kesho yeye ndiye mtoaji. Wasomaji wa visiwani wana maneno yao kwa jambo hilo, kikoa na bia, na wanajua kwamba mtu anayekula zamu zote bila kupika hata moja hufikishwa mahali akaulizwa.

Kuulizwa huko ndiko moyo wa kutunzana. Huruma isiyoulizika huishia kuwa enzi, na enzi isiyolisha huishia kuuza watu. Habari za Wakilindi kinastahili kusomwa upya kwa jicho hilo, si katika madarasa ya historia peke yake, bali katika baraza za washairi pia, ambako swali la nani asifiwe bado halijaisha. Labda yuko mshairi wa Tanga, wa Lushoto au wa Unguja atakayeitunga nusu iliyokosekana: utenzi wa mwanamke anayeshuka na mkungu wake wa ndizi hadi sokoni Mombo, ambaye bibi wa bibi yake alimlisha mfalme, na ambaye bibi yake alikataa kulima tuta. Utenzi huo hautahitaji kumwonea huruma. Utahitaji kumtaja jina.