Nafasi Tupu Katika Anwani

Mtu wa Butembo, nchini Kongo, aandikaye jina la mkoa wake kwa Kifaransa hutia kistari, Nord-Kivu, na anwani ya wavuti ikapita salama; bali akiliandika kwa lugha yetu, Kivu Kaskazini, huzuka katikati nafasi tupu, nayo, ijapokuwa haina wino wala umbo, imewataabisha waandishi wa programu tangu wavuti ulipoanza.

Ombi ambalo kivinjari hulipeleka kwa seva ni mstari wa sehemu tatu, yaani kitendo, anwani na toleo la itifaki, zitengwazo kwa nafasi tupu. Basi nafasi ikiingia ndani ya anwani, seva haijui anwani imekoma wapi. Nao waraka wa RFC 1738 wa mwaka 1994, wa Tim Berners-Lee na wenzake wawili, kwa kuhofia nafasi kupotea au kuzuka anwani inaponakiliwa, uliiharimisha, ikaandikwa badala yake %20, maana katika jedwali la ASCII nafasi ina namba 32, ambayo kwa hesabu ya msingi wa 16 ni 20.

Lau mambo yangeishia hapo! Fomu za HTML zilishika kaida yao, nafasi ikageuzwa alama ya kujumlisha, ilhali nambari za simu za Kongo zikiandikwa kwa mtindo wa kimataifa huanza kwa +243. Tuseme karani wa Beni ameiunga anwani kwa mkono, akaandika ?simu=+243 na tarakimu zilizosalia: seva inayofuata kaida ya fomu huisoma alama ile kuwa nafasi, na nambari ikahifadhiwa bila kichwa chake. Dawa ni %2B. Wako wanaogeuza mara mbili kwa tahadhari, %20 ikawa %2520. Hao, kwa rai yangu, wameuguza kilichokwisha pona.

Kaida ya jopo la WHATWG, ifuatwayo na vivinjari vya leo, haikuipa nafasi hukumu moja: ya mwanzo na ya mwisho hutupwa, ya katikati ya njia hugeuzwa %20, na iliyo katika jina la seva huibatilisha anwani nzima. Hukumu ya busara, lakini aghalabu kivinjari hakipewi fursa ya kuitoa. Mnunuzi wa Beni akituma kwa simu kiungo cha faili iitwayo Bei ya Kakao.pdf bila kuzigeuza nafasi zake, kiungo hukatika penye nafasi ya kwanza, na mwenziwe aliyeko Butembo hubonyeza anwani iishiayo kwa neno Bei.